Mstari Mmoja kwa Siku

Saa tatu asubuhi mfagizi wa hospitali alikuwa anapiga deki chumba cha kompyuta, akisukuma nyaya kando kwa mguu, mkewe alipoandika kwenye skrini: Pampu ya hewa, wadi ya tano, inavuja.

Mkewe alikuwa amefariki miezi kumi na mmoja nyuma, wadi hiyohiyo, hewa ilipokatika. Kompyuta ilikuwa imeonya mara elfu nne. Hakuna aliyeona, maana skrini ilikuwa inabwabwaja kutwa: feni inazunguka, printa imelala, printa imeamka. Wakubwa wakakaa kikao siku mbili, wakanywa chai, wakaona kosa ni la kelele. Pampu hawakuigusa. Wakamleta fundi aingie kwenye kiini cha mfumo, kule ndani kabisa kunakoiendesha mashine, apunguze maneno.

Fundi, dada mmoja mwenye miwani, alisogea kusoma.

"Ni mama watoto," mfagizi alisema. "Namjua kwa kurudiarudia."

"Pole, baba. Kila sekunde kumi?"

"Alipokuwa hai ilikuwa tano."

Dada alicheka, akatafuta mstari ulikotoka. Ulitoka kwenye kiini, umeandikwa vizuri, hauna kasoro. Katikati ya onyo moja la pampu na jingine, mama alichomeka neno lake: Mzee, hilo shati umelivaa tangu Jumatatu.

Mchana mkurugenzi akapita, mikono mfukoni.

"Huyu nani?"

"Marehemu mke wa mfagizi, bosi."

"Yuko daraja gani?"

"Onyo."

"Mshushe awe taarifa ya kawaida. Na aseme mara moja kwa siku, inamtosha."

"Bosi," mfagizi alisema, "si mzibe tu pampu? Atanyamaza mwenyewe. Mimi nimeishi naye."

"Mzee wangu, pampu ni idara nyingine. Hapa tunashughulikia kelele."

Dada alibadilisha mistari miwili kwenye kiini bila kumtazama mfagizi. "Nisamehe, baba. Nimeagizwa." Skrini ikatulia, safi kama sahani iliyooshwa. Wakubwa wa makao makuu walikuja kuitazama, wakapiga makofi.

Tangu hapo mama akawa na mstari mmoja tu, saa tatu asubuhi. Siku ya kwanza mfagizi alioga mapema, akavaa shati lililopigwa pasi, akasimama mbele ya skrini akingoja kuitwa mzee. Mama akaandika pampu. Kesho yake, pampu. Wiki nzima, pampu. Mfagizi alinuna siku mbili, kisha akamwelewa: wadi ya tano ilikuwa na wagonjwa kumi na wawili, na yeye mwenyewe alikuwa mzima.

Siku ya nane aliunakili mstari kwa kalamu, herufi moja moja, kwa kuwa shule aliiachia darasa la tatu. Akapanda nao ngazi mpaka kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi aliusoma, uso ukamchangamka. "Zamani mara elfu nne, leo mara moja! Tatizo limepungua, mzee." Akaitia karatasi kwenye faili la mafanikio.

Kesho yake mfagizi alipanda na nakala nyingine, na keshokutwa nyingine. Faili lilipojaa, likafunguliwa la pili, na katibu muhtasi akamwekea mfagizi kiti chake pale mlangoni. Pampu inavuja.