Utando Mwekundu Katika Tangi la Tadei

Tadei alifariki Jumanne asubuhi, mwishoni mwa Februari, akiwa amekaa kwenye stuli mbele ya tangi lake la samaki. Mkewe, Yosefina, alikuwa jikoni akichambua mchele. Alisikia stuli ikianguka, akaita, "Baba, umevunja nini tena?" Alipofika sebuleni alimkuta mumewe amelala ubavu sakafuni.

Tangi lile lilikuwa kioja cha mtaa. Watu wa Ifakara wanawajua samaki wa mto, kambale na perege na kitoga, lakini wa Tadei walikuwa wa bahari: wawili, rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe, urefu wa kidole. Waliishi sebuleni katika maji ya chumvi, na bahari yenyewe iko mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Tadei alikuwa fundi umeme Kidatu miaka mingi. Wenzake walipostaafu walinunua ng'ombe; yeye alirudi na tangi la kioo. Yosefina aliliita tangi mke mwenza. "Ungenitazama mimi kama unavyomtazama huyo wa kioo, ningekuwa nimenenepa," alikuwa akimtania. Tadei alikuwa akijibu, "Huyu hanisemi."

Msiba ulijaza nyumba. Taa hazikuzimwa mchana wala usiku, ya tangi ikiwemo, kwa sababu nyumba ya msiba haiachwi gizani. Halafu wazee wa ukoo wakakumbusha desturi: vitu vya marehemu visiguswe mpaka arobaini, siku ya kuanua tanga, ndugu watakapokaa na kuvigawa. Hivyo hakuna aliyesafisha chujio wala kufuta kioo.

Siku ya pili akaja mtani wa kabila. Alikuwa Deus, Mngoni, fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Aliingia amejifunga kanga ya kike, analia kilio cha uongo, na sahani ya wali mkononi. Akasimama mbele ya tangi.

"Nyie Wandamba hamna utu!" akapiga kelele. "Wafiwa wawili hawa hapa, tangu jana hawajatia kitu tumboni!"

Akamimina wali na mchuzi ndani ya maji. Watu walicheka huku wakifuta machozi, na mtani hakemewi msibani, afanye au aguse chochote. Wengine wakaiga. Kila aliyepita alitupa tonge lake, na kufikia siku ya kutawanyika tangi lilikuwa limekula kama mkwe aliyekuja kutambulishwa.

Wiki ya tatu utando ulitokea. Ulianza kama doa kwenye mchanga, ukapanda mawe, ukayafunika yote. Ulikuwa mwekundu, mzito, unateleza kama ini, na juu yake vimapovu. Vioo viliota mwani wa kijani. Samaki walikaa juu kabisa, wakihema.

Anselim, kaka mkubwa wa Tadei, alikuja kutoka Idete kumjulia hali mjane.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Pole na upweke." Alipogeuka akaliona tangi, akarudi nyuma hatua moja. "Hiyo ni damu, Yosefina."

"Ni uchafu tu, shemeji."

"Uchafu gani mwekundu? Ndugu yangu amefia hapo hapo, na maji yametoka damu. Siku ya arobaini vijana watalitoa nje na kulivunja. Sitaki neno hili lienee kwenye ukoo."

"Na likiwa safi siku hiyo?"

Anselim alimtazama kwa huruma. "Likiwa safi, chukua. Lakini usiliguse. Mwiko unaujua."

Alipoondoka, Yosefina alikaa akisikiliza pampu ikinguruma. Miaka kumi na mmoja sauti hiyo ilikuwa ndiyo sauti ya mumewe akiwa nyumbani. Likivunjwa lile, Tadei atakuwa ameondoka mara ya pili.

Alimpigia simu Stanislaus, rafiki wa Tadei wa Dar es Salaam, aliyekuwa akimtumia chumvi ya matangi.

"Shem, hiyo si damu," Stanislaus alisema. "Ni bakteria. Wanapenda mwanga mwingi, chakula kilichooza na maji yasiyotembea. Taa inawaka saa ngapi kwa siku?"

"Haijazimwa tangu msiba."

"Mama yangu! Na chakula?"

"Wali. Na mchuzi wa nyama."

"Jamaa huko alipo anatulaani," Stanislaus alisema. Halafu akamweleza hatua kwa hatua: unyonye utando kwa mpira, suuza sponji ya chujio, zibua pampu ya maji, badilisha maji, kisha funika tangi siku tatu lisione mwanga, ila pampu ya hewa isizimwe.

Tatizo lilikuwa mwiko. Yosefina aliulalia, akauamkia, na asubuhi akacheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kugusa chochote kwenye msiba ule bila kosa. Akaenda mashineni.

"Deus, mikono iliyotia wali ndiyo itakayoutoa."

"Mjane wangu mpenzi, kumbe umekuja kunichumbia!"

"Nimekuja kukupa kazi. Beba mpira."

Deus alipiga magoti mbele ya tangi, Yosefina akakaa kwenye kiti, mikono mapajani, akielekeza. Mtani alivuta mpira kwa mdomo, akachelewa kuutoa, akameza funda la maji mekundu. "Nimekunywa bahari!" alilalama, akitema mlangoni. "Waambieni Wangoni nimekufa vitani!" Ndoo baada ya ndoo ilitoka ikinuka bwawa. Deus alijaza maji mapya ya kisima, akachanganya chumvi kwa kipimo, akafunika tangi kwa mablanketi.

Siku ya nne Deus alilifunua. Mawe yalikuwa yamerudi rangi yake ya zambarau. Yosefina alipiga kigelegele, majirani wakachungulia.

Baada ya wiki moja utando ulikuwa umerudi.

Stanislaus aliuliza tena yale yale kwa simu. Deus alitia chakula kidogo sana, alizima taa kila jioni, na maji yalitembea. Zilibaki siku kumi na moja. Deus mwenyewe aliacha utani. "Mama, labda mzee ana lake," alisema.

Yosefina alitoka uani ili asionekane akilia. Hapo zilikuwepo ndoo mbili alizozisahau. Ya kwanza, ya maji ya kisima, ilikuwa imeota ukijani pembeni. Ya pili ilikinga mvua katikati ya uwanja, na ilipigwa jua sawasawa na ile ya kwanza, lakini maji yake yalikuwa safi hata mtu angeweza kuona sarafu kitakoni. Alisimama akizitazama. Yeye hakuwa mtaalamu wa bahari, lakini alikuwa mkulima wa mpunga tangu usichana. Kisima chao kilikuwa chini ya majaruba ya mpunga, na wiki zile kila mtu alikuwa anatia mbolea ya urea, ambayo mvua iliishusha kisimani. Alijua urea inafanya nini kwenye mpunga: inaunenepesha. Kumbe kila ndoo ya kisima iliyoingia tangini ilikuwa mbolea.

"Deus!" aliita. "Lete mabeseni yote! Yaweke wazi, mbali na bati lenye kutu!"

Masika hayakumnyima. Mvua ilinyesha siku tatu, wakakinga, Deus akachanganya chumvi, akabadilisha maji kidogo kidogo, kila siku. Utando ulianza kuachia mawe wenyewe, vipande vipande, kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Deus aliunyonya mpaka kipande cha mwisho.

Siku ya arobaini, baada ya misa, ukoo ulijaa sebuleni. Vijana wawili walikuja na nyundo. Anselim aliinama mbele ya tangi, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Maji yalikuwa kama hayapo. Samaki wawili waliogelea chini, katikati ya mawe, wakifukuzana.

"Itafute damu, mzee," Deus alisema kutoka mlangoni. "Ukiikosa, nipe mbuzi. Mimi nimeinywa yote."

Sebule nzima ililipuka kicheko. Anselim alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nani aligusa?" aliuliza.

"Mtani," Yosefina akajibu. "Mimi nilikaa kwenye kiti."

Wazee walitazamana. Sheria ilikuwa yao wenyewe: mtani hana kosa msibani. Baiskeli ikaenda kwa mpwa, makoti kwa ndugu, na Anselim akasimama akatangaza mbele ya wote kwamba tangi ni la Yosefina, na asitokee mtu wa kumuuliza. Wanawake walipiga vigelegele, na cha Yosefina kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Siku hizi, kila Jumamosi akitoka sokoni, Yosefina hubadilisha ndoo mbili za maji, ya mvua, kwa mikono yake mwenyewe.