Darubini Nyuma ya Kioo

Gracieuse alikuwa akipiga deki katika duka la bunduki huko Umbilo, mkulima wa miwa alipoanza kufoka. Alikuwa ameelekeza barabarani, kupitia dirisha, darubini ya kuwindia inayoona joto la mwili, na hakuona hata mtu mmoja.

"Ni mbovu! Nguruwe pori watanimalizia shamba!"

Ameir, meneja, akaipangusa lenzi, akaielekeza tena dirishani.

Uvumilivu ukamshinda Gracieuse. Miezi sita alipangusa vitabu vya maelezo, na kila alichokipangusa alikisoma.

"Kaka Ameir, joto haipiti kwa kioo. Umutoe inje."

Nje, mkulima akachungulia, akacheka: wapita njia waling'aa kama makaa. Akanunua mbili.

"Kesho, dada, utauza pamoja nami," Ameir akasema.

Gracieuse akaliegemeza dekio ukutani. "Kesho ya nini? Mteja iko anaingia sasa."