Waliaji wa Donato

Kaka yangu Donato hakujua kuimba. Nalisema mapema msije mkanilaumu mbele ya safari. Sura alikuwa nayo, nywele alikuwa nazo, na alikuwa na namna yake ya kuegemea nguzo ya taa iliyowafanya akina mama wa sokoni wasahau walichotumwa na matumbo yao. Lakini akifungua kinywa kuimba, hata mbwa wa jirani alivuka barabara.

Mwaka ule wa hamsini na nane, kwetu Filadelfia Kusini, hiyo haikuwa kasoro. Karibu kila mtaa ulikuwa na kijana wake wa miaka kumi na saba aliyetolewa gereji au kwa kinyozi, akabadilishwa jina, akaitwa mwimbaji, akavishwa sweta jeupe, na wiki ya pili wasichana wa mji mzima wanamng'oa vifungo. Sisi mtaa wetu ulikuwa bado haujapata wake. Ilikuwa aibu kidogo.

Baba yetu, mzee Vito Vallarelli, alikuwa na duka la kuku hai. Unachagua kuku wako, anachinjwa, ananyonyolewa, unaondoka naye akiwa bado ana joto. Donato alimsaidia, kama kusaidia ndiyo neno lenyewe. Kila kuku aliyechinjwa alimtoa machozi. Wateja walidhani ana mafua ya kudumu.

Siku moja akaingia bwana Lou Kessler kununua jogoo. Alikuwa mfupi, ana sigara nene asiyoiwasha kamwe, na kazi yake ilikuwa kutengeneza waimbaji. Akamtazama kaka yangu amesimama na kuku mkononi, macho yamelowa, nywele zimeanguka usoni.

"Kijana, unaimba?"

"Hapana, bwana."

"Safi. Basi hutakuwa na mazoea mabaya ya kusahau."

Jioni ile Donato akawa Denny Vale. Baba aliposikia alipiga meza hata tambi zikaruka.

"Vale ni nani? Mimi sijazaa Vale!"

"Ni jina la jukwaani, baba."

"Jukwaa gani? Sikiliza, wewe. Nakupa mpaka Jumatano ya Majivu. Ikifika siku hiyo hujawa mtu, unavaa aproni, unashika kisu, na hizo nyimbo utawaimbia kuku. Maisha yako yote."

Donato akawa mweupe kama jibini. Usiku ule nilimsikia ng'ambo ya ukuta akimwomba Mtakatifu Rocco amwokoe na kuku.

Bwana Kessler alihangaika, sina la kumsema. Alimtafutia vijana watatu wa kupiga vyombo, wakarekodi wimbo mmoja, halafu akampata bwana Whitcomb. Huyu ndiye aliyekuwa akichagua waimbaji wa kipindi kimoja cha dansi kwenye televisheni, kila siku saa kumi jioni, na kijana akitokea humo leo, kesho hawezi kutembea barabarani. Bwana Whitcomb akakubali kuja Jumamosi, siku nne kabla ya Majivu, kwenye dansi la vijana chini ya kanisa letu. Ila alisema neno moja.

"Mimi siwasikilizi waimbaji. Nawasikiliza wasichana."

Sasa hapo ndipo penye mwiba. Wasichana wa mtaa wetu hawangempigia Donato kelele hata kwa mjeledi. Nusu yao ni binamu zetu. Nusu nyingine walikua naye.

"Nimzimikie Donato?" alisema Concetta Dimaio, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. "Yule aliyejikojolea kwenye maandamano ya sikukuu mbele ya askofu? Silia, una homa?"

"Alikuwa na miaka sita."

"Askofu bado anakumbuka."

Ikabidi bwana Kessler afungue mkoba. Akatoa soksi ndefu za nailoni, jozi kumi na mbili, zile zinazong'aa. Tulikuwa na miaka kumi na minne, tunavaa soksi fupi nyeupe kama watoto wa komunyo. Concetta alizishika zile nailoni, akazipitisha shavuni, akasema, "Kusema kweli Donato ana macho mazuri."

Mazoezi tuliyafanya jikoni kwetu. Wasichana kumi na wawili wakasimama baina ya jiko na kabati, nikahesabu moja, mbili, tatu, wakapiga kelele. Ee Mungu wangu. Utasema wamemwona panya. Ilianza juu, ikaishia juu, halafu wakakohoa.

Pembeni alikuwa ameketi bibi yetu Filomena, mama yake baba, anamenya maharage. Lazima niwaeleze kazi aliyoifanya bibi kabla hajaletwa Marekani. Kule kijijini kwao, milimani, alikuwa mliaji. Tajiri akifa, bibi anaitwa na wenzake, wanafungua nywele, wanamlilia maiti mpaka mawe yanasikitika. Alikuwa bingwa. Watu waliokuwa wazima kabisa walikuja kuweka nafasi kwake mapema. Hapa mjini wenye kazi ya mazishi walileta kinanda na mazulia, wakamwambia bibi asante, kelele hapana. Miaka ishirini na minane amekaa na kipaji chake kooni.

Akaweka bakuli chini.

"Hicho ni nini?"

"Tunampigia Donato kelele, bibi, apendwe."

"Hicho ni mlango unaotaka mafuta." Akasimama, akajishika chini ya kitovu. "Sauti inatoka hapa. Kooni inapita tu. Wewe mwenye meno makubwa, njoo mbele, utaongoza. Wengine mnapokea. Fungueni nywele! Nani amewaona watu wanalia na vibanio?"

Tukafunzwa siku tatu. Kushikana mabega na kuyumba. Kuzungusha leso. Kusifu kiungo kimoja kimoja, kuanzia juu: nywele zako, nani atazichana! Macho yako, yatamtazama nani! Kisha kuanguka. Kuna namna ya kuanguka, unatanguliza goti, halafu nyonga, na unamwangukia mnene. Tukamwangukia Bernadetta mpaka akachoka.

Kitu kimoja tu bibi hakukubali. Bwana Kessler alitaka tuite "Denny".

"Anayeliliwa huitwa jina la ubatizo," alisema bibi. "Jina jingine hasikii."

"Lakini mama, yeye yupo palepale, yu hai!"

"Wewe katafune sigara yako. Jina la ubatizo."

Hakuna aliyebishana na bibi Filomena akiwa kazini.

Jumamosi ikafika. Ukumbi umejaa, vijana wetu na wa parokia ya Waairishi waliokuja kucheza na kula mikate yetu ya kukaanga. Ule ukumbi uko chini ya ardhi, na madirisha yake madogo yanafunguka usawa wa njia ya miguu, unaona viatu vya wapita njia. Kulikuwa na joto, mtu akayafungua. Bwana Whitcomb alikaa nyuma na kidaftari chake, mrefu, mkavu, miguu ameikunja kama ngazi ya mpaka rangi.

Donato akapanda. Nywele alikuwa amezipaka mafuta ya zeituni ya mama kwa sababu yale ya dukani yalimwishia, kwa hiyo alinukia saladi. Magitaa yakaanza. Akafungua kinywa.

Concetta akavuta pumzi kutoka chini ya kitovu.

"Donatoooo!"

"Ooooo!" tukapokea.

"Nywele zakoooo! Nani atazichanaaaa!"

"Ooooo, Donatooo!"

Nakwambia, hata mimi nywele za shingoni zilisimama. Wavulana waliacha kucheza. Leso zikazunguka, mabega yakayumba, Bernadetta akaangukiwa na wawili. Nikageuka kumtazama bwana Whitcomb. Alikuwa ameinua uso. Nikasema moyoni, kaka, umepona.

Kumbe haangalii nyuso. Anaangalia miguu. Akamwinamia bwana Kessler, nami nilikuwa karibu nikasikia.

"Lou, wasichana kumi na wawili, nailoni kumi na mbili mpya, rangi moja. Umezinunua kwa jumla?"

"Ni... ni mtindo wa mtaa huu."

"Wamejifunza vizuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Lakini nami nimejifunza." Akafunga kidaftari, akakitia mfukoni.

Donato aliliona lile daftari likifungwa. Alikuwa katikati ya ubeti. Sauti ikamkatika, akaketi palepale jukwaani, uso mikononi. Niliona anayaona: aproni, kisu, kuku mmoja baada ya mwingine mpaka uzeeni. Vijana wa magitaa hawakujua la kufanya, wakaendelea kupiga. Na sisi bibi hakutufundisha mahali pa kuacha, kwa hiyo tukaendelea kulia.

Sasa mtoke nje kidogo. Ni saa tisa, Jumamosi, saa ya kununua vitu. Mtaani wamejaa wajane na vikapu vyao, wanawake wa milima ileile ya bibi. Miaka mingi hawajasikia kilio cha kwao. Na leo kinatoka ardhini, chini ya kanisa, kimepangwa barabara, nywele, macho, na jina la ubatizo. Donato. Donato wa Vito, wa kuku!

Mama Pasqualina, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliangusha biringanya zake.

"Mtoto wa Vito na Assunta amekufa!"

Mlango wa ukumbi ukafunguka kwa kishindo. Wakaingia labda ishirini, labda thelathini, mavazi meusi tii kuanzia kichwani, tayari wanalia. Wakamwona Donato chini jukwaani, uso umefunikwa, wasichana wamelala huku na huku. Nini tena kilichobaki kuuliza? Wakajitupa. Mmoja alijivuta nywele kikwelikweli, mkononi akabaki na fungu.

Nyuma yao akaja mama, unga wa tambi mpaka kwenye viwiko. Hakugusa ngazi za jukwaa, sijui alipandaje. Akamkumbatia Donato akamtikisa kama mto wa manyoya.

"Nani amekuua? Mwanangu, niambie nani amekuua!"

"Mama, sijafa! Naimba!"

"Unaimba?"

"Ndiyo, mama."

Akamtandika kofi lililosikika kuliko ngoma. Halafu akamshika uso kwa mikono miwili, akambusu kila mahali, unga ukamjaa Donato kwenye nyusi, na akaanza kulia upya, safari hii kwa furaha, na hicho ndicho kilio kibaya zaidi, hakina breki. Concetta akamtazama mama yangu, mdomo ukaanza kumtetemeka. Kile kilichofuata hakikuwa cha nailoni. Kikampata Bernadetta. Kikaruka mpaka kwa wasichana wa Kiairishi waliokuja kwa ajili ya mikate tu, ambao hawajui Donato ni nani wala nani kafufuka. Mmoja mwekundu wa nywele alipita juu ya viti, akapanda jukwaani, akarudi na mkono mzima wa sweta. Wengine kumi wakaenda kutafuta mkono wa pili.

Na baba? Baba aliambiwa dukani. Alikuja mbio na aproni yake ya damu, kisu mkononi, hata hakujua anacho. Bwana Whitcomb alipomwona akaingia chini ya meza ya soda.

Baba akasimama mlangoni. Akamwona mwanawe, mzima, mwenye sweta lisilo na mikono, mwanamke kila upande, bikizee kwa kigoli, wote wanalia jina lake la ubatizo. Kisu kikamwanguka. Akafuta macho kwa aproni, na hilo lilikuwa kosa, maana sasa alionekana kama ametoka vitani.

"Mwanangu," alisema. "Mwanangu yule."

Kutoka chini ya meza ikatokea sauti.

"Lou. Huyu naye umemnunulia nailoni?"

"Huyo ni baba yake!"

"Wasichana ninao gari zima," akasema bwana Whitcomb akitambaa kutoka, daftari limerudi mkononi. "Lakini mabibi! Wachinjaji! Miaka ishirini na miwili nimezunguka miji, sijaona kijana anayeliza wachinjaji. Jumanne, saa kumi."

Hakuna aliyemweleza. Bibi Filomena alikuwa amekaa kwenye kona tangu mwanzo na mkoba wake magotini. Aliniuliza tu, "Yule mwenye meno makubwa, ana kazi?"

Jumanne tulikwenda kwa mama Pasqualina, aliyekuwa na televisheni. Tulijaa mpaka kwenye ngazi. Baba alisema haji, ana kazi, kesho yake Majivu watu wanaacha nyama na leo ndiyo siku ya kuuza. Alikuja. Alisimama mlangoni na kofia kichwani, ionekane anapita tu.

Kioo kikawaka. Wakatokea vijana wanacheza, akatokea mtu wa matangazo ya dawa ya meno, halafu akatokea Donato, mdogo kama kidole, wa kijivu, katika sweta jipya. Ndugu yangu niliyemfulia soksi. Alikodoa macho kama ametupwa mtoni, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Sijui kilichonipata. Mimi mwalimu wa kuhesabu moja, mbili, tatu, nilisimama juu ya kiti cha watu, nikapiga ukelele uliotoka sijui wapi, si kitovuni, chini zaidi. Mama alinivuta sketi. Sikusikia. Nilipiga wa pili.

"Silia, nyamaza!" Alikuwa baba. Amekwisha kuingia mpaka mbele, amewasukuma wajane, pua yake iko karibu na kioo. "Nyamaza, simsikii mwanangu!"

Nikanyamaza. Baba akavua kofia, akakaa sakafuni.