Majina Yaliyosomeka

Pale halmashauri walimwita Bi Faili, naye hakuchukia. Masjala ya zamani ilikuwa yake kwa miaka ishirini na mitatu: chumba cha nyuma, rafu za chuma, dirisha moja lenye wavu, na madaftari ya vizazi, ndoa na vifo tangu enzi za mabibi zao. Waliotafuta koo zao walianzia kwake. Wenzake walitania kwamba anayetaka kuoa amuulize kwanza Bi Faili, asije akaposa dada yake.

Asubuhi moja aliingia mzee mmoja, fundi cherehani, futi ya kupimia bado iko shingoni. Bi Faili alimtambua kabla hajaketi. Alikuwa amekuja miaka sita nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimerudi na lile lile. Dada zangu wawili. Mama alipoolewa upya alinichukua mimi niliyekuwa nanyonya, wao wakabaki kwa ndugu wa baba. Hakuwataja mpaka siku anakata roho, na majina hakuwahi kuyamaliza. Mara ile ulinionyesha pameandikwa hayasomeki. Sasa nasikia kuna mashine za kusoma maandishi yaliyofifia. Lile daftari lenyewe lipo?"

Halikuwepo. Mchwa walipoingia masjala, Bi Faili akiwa bado mgeni kazini, aliagizwa kunakili madaftari manne kwa mkono, kisha ya zamani yachomwe moto. Nyumbani alikuwa na mtoto mchanga, na karani wa zamani alikuwa na mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Mwanzoni alipambana na kila jina kwa lenzi. Wiki ya tatu akagundua neno linalomaliza kazi mapema: hayasomeki. Aliliandika palipoliwa na mchwa. Halafu akaanza kuliandika hata pale ambapo dakika tano za subira zingetosha.

Ukurasa wa mzee huyu aliukumbuka vizuri. Haukuwa na tundu hata moja.

Angeweza kusema daftari liliungua, na asingekuwa amedanganya. Lakini mara ile mzee alikuwa amemshukuru kwa mikono miwili, na shukrani ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Baba," alisema. "Majina ya dada zako yalisomeka. Mimi ndiye sikuyasoma. Nilichoka, nikataka kuwahi nyumbani."

Mzee alimtazama. Hakupandisha sauti.

"Ulichoka."

"Ndiyo, baba."

"Na mara ile nilipokuja, ulikuwa bado umechoka?"

Mzee alivua futi, akaikunja polepole, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Siku hiyo hiyo Bi Faili alikwenda kwa mkuu wa masjala na kumweleza yote. Mkuu alifunga mlango. "Wewe mama, unataka kila mtu atushtaki? Yaliyopita yamepita." Bi Faili akaomba likizo.

Alikaa siku nane kwenye stoo ya zahanati ya zamani, akifungua maboksi ya kadi za chanjo, vumbi likimkaba pumzi. Siku ya nane alipata kadi mbili zilizobanwa pamoja, za wasichana wawili, jina la baba ni lile lile la baba yake fundi. Kutoka hapo aliuliza nyumba kwa nyumba. Alipopata jibu, alitamani asingelipata.

Alimkuta fundi kwenye cherehani yake.

"Yule mdogo kati ya dada zako yu hai, baba. Yuko mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Yule mkubwa alifariki miaka minne iliyopita."

Mguu wa fundi ulisimama juu ya pedali. "Mimi nilikuja kwako miaka sita iliyopita."

"Ndiyo, baba."

"Miaka miwili alikuwepo."

"Nitakupeleka kwa mdogo, kama utaniruhusu."

"Nitakwenda na mwanangu. Wewe baki."

Baada ya wiki mbili mzee alikuja masjala akiwa na bibi mmoja mfupi mwenye cheko, ambaye alimkumbatia Bi Faili kabla hata ya salamu. "Kumbe ndiye wewe uliyenitafutia ndugu yangu! Mungu akuzidishie."

Bi Faili akamtazama fundi. Fundi alikuwa akitazama dirisha. Kumbe hakumwambia dada yake kosa lile.

"Mama, kuna jambo inabidi nikueleze," Bi Faili alianza.

"Andika kwanza," fundi alimkata.

Bi Faili akafungua daftari alilonakili, akaandika majina yote mawili pembeni ya ukurasa, na chini yake: *Yalisomeka. Kosa ni la mnakili.* Akatia sahihi na tarehe. Alijua mkuu akiliona atampa barua ya onyo. Fundi alilivuta daftari, akaweka kidole chini ya jina la marehemu, akalisoma herufi moja moja, mara mbili.

"Ni sawa," alisema. Kisha akamgeukia dada yake. "Keti, dada. Huyu ana jambo la kukueleza. Mimi nakungoja nje."