Mgongo wa Akiteng

Atyang alikuwa amemzika mtoto mmoja kwa ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko, na huyu wa pili, Akiteng, aliapa hatamzika. Wote wawili walizaliwa na damu hiyo, wameirithi kwake na kwa marehemu baba yao. Basi akajifunza yote ambayo mama anaweza kujifunza bila kukaa darasani: maji mengi yanasaidia, baridi inaamsha maumivu, malaria ni adui. Aliweza kumtazama binti yake machoni na kusema, "Leo damu imepungua," na maabara ikathibitisha.

Kwenye kibanda chake cha chakula pale Malaba mpakani, kando ya foleni ya malori, madereva walizoea kumwona Akiteng ameketi ndani kivulini, amevaa sweta jua likiwaka.

"Mwacheni akae," Atyang aliwaambia. "Damu yake si ya kukimbiakimbia."

Hata hivyo Akiteng alikua. Alijifunza kushona, akapanga chumba sokoni Angurai, akaweka cherehani na kuanza kushonea kwaya majoho. Jumamosi alirudi Malaba kumsaidia mama yake. Atyang hakuipenda safari hiyo, lakini alipomwona binti akishuka na vipande vya uzi nywelini, anacheka, hakumkataza.

Mvua za masika zilipoanza, mgongo wa Akiteng ukaanza kuuma.

"Mama, hii si kama ile ya siku zote," alisema. "Ile inahama. Leo mguu, kesho mkono. Hii imekaa hapa tu. Nikipiga chafya naona nyota."

"Ni ile ile. Unainamia cherehani siku nzima, na mvua ndiyo hii. Kunywa maji, ulale."

"Nesi wa kliniki alisema nipigwe eksrei."

"Nesi amekujua lini? Mimi nimekujua tangu tumboni. Siko ni siko."

Akampa dawa za maumivu, akamkanda kwa kitambaa cha maji moto. Maumivu yakapungua kidogo, na Atyang akachukua hilo kuwa jibu. Wiki zilizofuata mambo yakawa hayo hayo, binti akilalamika na mama akikanda, mpaka binti akaacha kulalamika.

Jumamosi moja mchana, kibanda kimejaa, Akiteng aliinama kuinua sufuria ya maharagwe. Haikuwa kubwa. Alitoa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia kwake, hata katika siku mbaya kabisa, kisha akashuka polepole mpaka chini, mikono yake bado imeshika masikio ya sufuria. Dereva mmoja, Vitalis, aliacha sahani yake, akaleta godoro la kwenye lori. Wakamlaza juu yake, wakatafuta gari, wakampeleka hospitali Busia.

Daktari Roselyn aliinua eksrei kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, unaona hizi pingili za mgongo? Hizi zimesimama kama matofali. Hizi mbili zimebonyea, kama mkate uliokaliwa. Moja imevunjika leo. Hii ingine ilivunjika zamani kidogo, miezi fulani imepita."

"Lakini hakuanguka, daktari."

"Si lazima aanguke. Mifupa yake imekonda. Mtu wa siko damu yake inakufa haraka, kwa hivyo uboho ndani ya mfupa unafanya kazi ya ziada kutengeneza ingine. Uboho unapanuka, mfupa unabaki mwembamba. Na vitamini D yake iko chini sana. Huwa anapata jua?"

Atyang aliangalia sweta ya Akiteng. Ilikuwa mapajani mwake, ameikunja.

"Kama ningemleta mapema?"

Daktari alishusha eksrei. "Tungeuona ule mfupa wa kwanza, tuanze dawa. Siwezi kukuambia huu wa pili haungevunjika. Lakini nafasi ilikuwepo."

Wodini, Atyang alishika miguu ya binti yake juu ya shuka.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilikuambia, mama." Akiteng hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Nilikuambia mpaka nikaanza kufikiri pengine wewe unaujua mwili wangu kuliko mimi."

Alitoka hospitali na mkanda mgumu kiunoni, vidonge vya mifupa, na agizo la kutembea asubuhi kwenye jua. Alikuwa amepungua kimo. Sketi zake zilianza kuburuta. Cherehani hakuweza kuiinamia tena kwa muda mrefu. Kwaya ya Moding, iliyokuwa imeagiza majoho, ilingoja, ikaomba radhi, ikapeleka vitambaa vyake kwa fundi mwingine. Chumba cha Angurai wakakirudisha kwa mwenye nyumba.

Mwezi wa nane mkono ulimuuma. Atyang alimwona akiushika tu, akafunika vyungu wateja wakiwa wamekaa, akamkimbiza Busia. Madaktari walimpiga eksrei, wakampima. Mfupa ulikuwa mzima. Ilikuwa ile ya siku zote.

Njiani kurudi, waliposhuka garini Malaba, Akiteng alisema, "Ningekuambia ni ile ile. Hukuniuliza."

Malori yalikuwa yamepanga mstari hadi mbali, na wao walikuwa wakitembea kando yake taratibu, binti akiwa mbele.

"Sasa hivi unasikiaje?" mama aliuliza.

"Mkono umepoa. Mgongo unauma."

"Unauma vipi?"

Akiteng akaanza kumweleza, na Atyang akamfikia, akapunguza mwendo ili asikilize.