Siku Shemeji Hakutukana

Shemeji akikutukana, shukuru. Akinyamaza, jiangalie. Breki alilijua hilo tangu siku anaoa, na bado asubuhi ile lilimpita sikioni kama nzi.

Breki alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake cha mabati kilikuwa chini ya mlima, tairi na minyororo vimetundikwa ukuta mzima, grisi imemwingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Jina alilipata kwa sababu umletee baiskeli ya namna gani, hata iwe imekatika vipande viwili, yeye swali lake la kwanza ni lilelile: "Breki zinashika?"

Mlima huo zamani ulikuwa wa magogo. Barabara ya changarawe iliyokuwa ikiteremshia miti, msitu ulipofungwa, ikageuka njia ya baiskeli. Wakaja wageni wenye kofia ngumu na tairi nene. Mtu ana gari lake zuri kabisa, analiacha kwao, anakuja kutoa ulimi nje kwenye mlima wa watu. Haya, kila mtu na starehe yake. Kazi ilipatikana, hilo ndilo la kusema.

Na kazi ya Breki ilikuwa kufagia njia. Kila asubuhi alitangulia peke yake kutoka kileleni, amefunga tawi la msonobari nyuma ya baiskeli, linaburuzika shaa, shaa, huku anatazama: mti umeanguka? Mvua imechimba korongo? Ng'ombe wa mtu kalala barabarani? Akifika chini darajani, kuna rimu la lori limening'inizwa kwenye mti. Analigonga kwa nyundo. Mlio unapanda bonde zima, na kule juu wanajua njia safi, wanaachia breki.

Sasa, huyo shemeji. Alikuwa kaka wa marehemu mke wake, mpasua mbao, watu wakimwita Msumeno. Msitu ulipofungwa, walinzi wakaubeba msumeno wenyewe, akabaki na jina tu. Ikamkaa rohoni. Akiona baiskeli inapita, anatema mate. Lakini kwa Breki ilikuwa utani kama kawaida, kwa sababu shemeji hasusiwi. Kila asubuhi alikaa kwenye gogo pale kona kali, akimsubiri.

"Bado hujafa tu, kobe wa magurudumu?"

"Nife nikuachie nani, uso kama kisiki?"

Basi siku imeanza. Wasipotukanana, hata chai haishuki.

Na kulikuwa na Kengele, binti wa Breki, mtoto wake wa pekee. Mama yake alipofariki, Msumeno ndiye aliyembeba mgongoni. Ndiye aliyemfundisha baiskeli, akikimbia nyuma ameshika kiti mpaka pumzi zimkate. Ndiye aliyemfundisha kupiga mluzi wa vidole viwili, ule unaotoboa masikio. Siku hizi Kengele alisindikiza wageni, na mahali pake palikuwa mwisho kabisa wa msafara, akiokota walioanguka na kupiga mluzi kila kona.

Asubuhi hiyo kiongozi wa msafara aliamka kifundo cha mguu kimevimba kama andazi. Kengele akaambiwa aongoze yeye. Breki akamkagulia breki, akarudia tena.

"Baba, zimeshika! Utazimaliza kwa kuzishika-shika."

"Mteremko hauna mjomba, mwanangu."

"Mimi ninaye," akacheka.

Breki akashuka na tawi lake. Pale kona kali Msumeno alikuwepo kwenye gogo, glovu za ngozi mkononi. Breki akajiandaa kutukanwa. Yule bwana akasimama, akavua kofia.

"Habari za asubuhi, bwana. Mungu akutangulie."

Breki akacheka kidogo, akajibu, "Nzuri," akapita. Aliona jambo halikukaa sawa, kama kiatu chenye kokoto, lakini mteremko haukusubiri. Akafika darajani, akachukua nyundo, akaligonga rimu. Ng'aa! Ng'aa! Ng'aa! Akafungua chupa anywe maji.

Maji hayakushuka.

Bwana? Tangu lini? Na zile glovu za kushikia waya wa kuvutia magogo alizivaa za nini, mtu asiye na gogo?

Akalirukia rimu, akaligonga kama kichaa. Lakini rimu lilikuwa na neno moja tu: njooni. Miaka yote hakuna aliyewahi kukaa akafikiria mlio wa kusema msije. Kule juu walisema, leo mzee kaamka vizuri.

Akaitupa nyundo, akapanda baiskeli, akaukabili mlima. Ilikuwa baiskeli ya chuma, nzito kama mkwe asiyetaka kuondoka. Alisimama kwenye pedali mpaka ladha ya damu ikamjaa mdomoni. Penye changarawe tele tairi likazunguka bure, akashuka, akaisukuma mbio.

Aliukuta waya. Umekazwa kati ya misonobari miwili, kimo cha shingo ya mtu aliye juu ya baiskeli, mara tu baada ya kona, mahali ambapo ukiuona umeshafika. Mwisho mmoja ulisokotwa kwa kipande cha mti, kikazuiwa na shina. Msumeno alikuwa kando yake.

"Rudi chini," akasema.

Breki alitoa koleo kwenye mkoba, akaukamata waya. Ulikuwa mnene kama kidole, nyuzi nyuzi. Akakata uzi mmoja. Wa pili. Mpini wa shoka ukamshukia mkononi, akasikia mfupa ukisema ka!, koleo likaanguka.

"Nimesema rudi! Wa kwanza akikatika, wengine hawarudi tena. Msitu utakuwa wetu."

"Kengele yuko mbele!"

"Uongo. Kengele anakaa nyuma."

"Leo anaongoza, wewe mwendawazimu! Kiongozi anaumwa!"

"Fundi huyu! Utamuuza hata mwanao uokoe wageni."

Breki akamvamia kwa kichwa. Pua ya Msumeno ikapasuka, wakaanguka chini, wakabiringika kwenye mawe. Wazee wawili, nywele nyeupe, waliokula sahani moja miaka na miaka, sasa wanatafutana koo. Msumeno akampigiza kichwa kwenye changarawe, mara moja, tena. Breki akamng'ata sikio na hakuliachia mpaka lilipomjia mdomoni. Msumeno akapiga yowe, akamkita goti la mbavu, akainuka na mpini. Akampiga begani. Akampiga mgongoni. Breki anatambaa, mkono mmoja umelala kama kitambaa, anautafuta waya kwa ule mwingine, na mpini unashuka.

Ndipo ukasikika mluzi.

Vidole viwili, mkali, juu ya kona. Na nyuma yake, mbali, ndipo tairi za wengine zikasikika zikisaga mawe. Mluzi ulikuwa mbele.

Msumeno aliganda, mpini hewani. Mluzi wake mwenyewe, aliouzaa kwa mdomo wake.

Akautupa mpini, akakirukia kile kipande cha mti, akakivuta. Waya uliokazwa hauna huruma. Kijiti kilizunguka kama pangaboi, kikamvunja vidole, waya ukalegea lakini bado ukaning'inia kimo cha kifua. Hapakuwa na muda. Akautia kwapani, akajitupa nao chini kwa uzito wake wote, akaulalia katikati ya njia.

Kengele akatokea kwenye kona. Aliona mtu chini, akabana breki. Zilishika. Tairi la nyuma likayumba, la mbele likampanda mjomba wake mgongoni, na binti akaruka juu ya usukani, akadunda changarawe kwa bega. Waya ukavutika na baiskeli, ukamwingia Msumeno chini ya kwapa kama kamba kwenye siagi. Wageni wawili waliofuata wakagongana, mmoja akaingia porini na kofia yake.

Gurudumu moja lilikuwa bado linazunguka, tik tik tik.

Kengele aliinuka, bega limeshuka, akajikokota mpaka kwa mjomba wake, akamshika mkono.

"Mjomba! Mjomba, umelala juu ya waya kwa ajili yangu. Baba, tazama, kaniokoa!"

Breki alikuja kwa magoti. Akaliokota koleo kwa mkono uliobaki mzima, akaanza kuukata waya pale ulipozama, uzi mmoja, uzi mwingine, damu ikimtelezesha. Hakumtazama mtu usoni.

"Baba," Kengele akasema, safari hii taratibu. "Huu waya kaufunga nani? Na wewe nani kakupiga hivyo?"

Msumeno alimtazama Breki, sikio halipo, macho yanaomba. Akajitahidi kutabasamu.

"Umechelewa," akanong'ona. "Kama kawaida yako. Kobe wa magurudumu."

Akasubiri. Jibu alilijua, Kengele alilijua, amelisikia tangu yuko mgongoni: uso kama kisiki. Neno hilo tu, na mambo mengine yangezungumzwa nyumbani.

Breki akaukata uzi wa mwisho. Akaufuta mdomo wake, damu yake na damu ya mwenzake.

"Pole sana, bwana," akasema.

Kengele akawatazama, mmoja, kisha mwingine. Akaziona glovu za ngozi. Kisha akauachia ule mkono aliokuwa ameushika, polepole, kidole baada ya kidole.