Alama Sitini na Nne

Saa nne asubuhi tangi la kupozea lilinyamaza, na Elinipa, msimamizi wa kituo cha maziwa, akausikia ule ukimya mpaka kwenye magego. Ndani mlikuwa na lita elfu mbili za maziwa, mkamuo wa mteremko mzima wa Meru, na kompyuta ndogo inayoendesha ubaridi ilikuwa imepoteza programu yake kama mlevi anavyopoteza kiatu. Kipimo kilisoma nyuzi sita. Zikifika kumi, gari la mjini lingekuja kubeba mtindi.

"Mama Bariki," Meshack mbeba maziwa alimwita kutoka kwenye pikipiki yake ya madumu, "tuchemshe mahindi kabisa? Loshoro ya mahindi na mtindi wa lita elfu mbili, tualike mpaka Wakenya!"

"Nyamaza wewe, usinichulie."

Programu ya kurudishia alikuwa nayo, kwenye flashi aliyoazima kituo cha jirani. Lakini flashi hiyo ilikuwa imepita mikono mingi kuliko sahani ya sadaka. Mwezi uliopita kituo kimoja kiliingiza programu ya namna hiyo, kumbe imechezewa. Tangi likachemsha maziwa badala ya kuyapoza, na wanaosimulia wanaapa kwamba panya wa pale walinenepa hata paka wakawa wanawaamkia shikamoo.

Ndiyo maana alimpigia Luqman, fundi kompyuta wa Kijenge, mwenye orodha ya alama za mafaili halali. Intaneti ilikuwa imekata tangu alfajiri, na ujumbe wa maandishi siku hiyo ulikuwa unafika ukipenda. Sauti tu ndiyo iliyopita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, habari za watoto utanipa baadaye. Tuko nyuzi saba."

"Basi bonyeza lile faili, kompyuta itakupa alama yake. Herufi na namba sitini na nne. Faili likiguswa hata nukta moja, alama inavurugika yote, mwanzo mpaka mwisho. Nisomee niandike, halafu nitalinganisha na orodha yangu."

Elinipa akasoma kwa kidole, kama alivyofundishwa darasa la kwanza: tatu, e, saba, be, sifuri, e, de... Jasho lilimdondokea kwenye kibodi. Alipomaliza, Luqman akalinganisha na orodha yake, moja moja.

"Usiliingize, mama. Sehemu saba hazilingani."

Nyuzi nane. Nje, wenye ng'ombe walikuwa wameanza kujipanga ukutani. Mkono wake ulikwenda kwenye kibonye cha kukubali, ukarudi. Amwage, au abahatishe?

"Luqman. Hizo saba ni namba au herufi?"

"Herufi tupu."

"Namba hakuna hata moja iliyokosea?"

"Hakuna."

"Na umesema likiguswa linavurugika lote. Sasa ni mwizi gani huyo, anaingia ndani, anaruka namba zote, anaiba herufi tu? Hebu soma wewe kwenye orodha yako."

"Tatu, ii, saba, bii..."

"Ii? Simama hapo! Mimi hapa nina e."

"Ndiyo mama, umesema ei, nikaandika a."

"Sikusema ei, nimesema e! E ya embe!"

"Ya embe?" Luqman akavuta pumzi. "Subhanallah. Mimi nazisoma Kizungu, mama. E yako wewe, kwao ndiyo a."

"Basi Wazungu wako wamenipandishia joto la maziwa. Tuanze upya!"

Wakaanza upya: e ya embe, a ya Arusha, de ya debe. Nyuzi tisa. Walipofika arobaini simu ikakata, na Elinipa akakosea namba ya simu mara mbili kabla ya kumpata tena.

"Sitini na nne, mama. Zote ni zenyewe. Ingiza."

Akabonyeza. Mstari ukatambaa kwenye kioo kwa uvivu wa kinyonga, tangi likakohoa, likaanza kunguruma. Nyuzi tisa na nusu. Lakini kunguruma si kupona. Akachota maziwa kidogo kwenye chupa ya kioo, akamimina spiriti kiasi kilekile, akatikisa. Yakitoa vipunje, yameshachacha, ni kumwaga.

Meshack alikuwa ameingia, kofia mkononi, utani wote umemwisha.

Elinipa akaiinamisha chupa dirishani. Maziwa yakateremka ubavuni mwa kioo taratibu, laini, bila punje hata moja.

"Mwambieni dereva wa gari la mjini aje," alisema, akaketi palepale sakafuni.